Fandi Ahmad: kiraka anayehukumiwa kwa mechi 36

Ukimtaja Fandi Ahmad mbele ya wafuatiliaji wa soka la Asia ya Kusini-Mashariki, haitachukua dakika mbili kabla mtu hajauliza lile swali: kwa nini aliikataa Ajax, klabu kubwa ya Amsterdam, Uholanzi? Mwaka 1982, kijana huyo wa Singapore akiwa na miaka 20, Waholanzi walimtaka kwa mkataba wa miaka mitatu. Yeye akasaini mwaka mmoja na Niac Mitra ya Surabaya, Indonesia. Hapo ndipo wengi wanapoifunga hesabu yake.

Wanaomlaumu hawaongei hewa. Mwaka uliofuata Fandi aliishia Uholanzi hiyo hiyo, ila katika klabu ndogo, FC Groningen. Na kiangazi hicho hicho cha 1983, Ronald Koeman alitoka Groningen kwenda Ajax, kisha akafika hadi kutwaa Kombe la Ulaya na klabu mbili tofauti. Mmoja alipanda ngazi ambayo mwenzake aliambiwa apande akagoma. Fandi alikaa Groningen misimu miwili, akarudi ukanda wa nyumbani, na kumbukumbu zinamhesabia mechi 36 na mabao 11. Alipojaribu Ulaya tena, mwaka 1990 na OFI ya kisiwa cha Krete, Ugiriki, hakudumu. Ukitaka kusema kipaji kile hakikufika kilipostahili, ushahidi unao.

Shida yangu ni hizo mechi 36. Zimegeuzwa mizani ya kupimia maisha ya mchezaji aliyecheza miaka ishirini, na hata zenyewe hazisomwi vizuri. Fandi alifika Groningen akaumia paja kabla msimu haujachanganya. Aliporudi, Oktoba 1983, mechi iliyokuwa inamsubiri ni ya Kombe la UEFA dhidi ya Inter Milan, pale uwanja wa Oosterpark. Groningen walishinda 2-0 na bao la pili likawa lake, dakika zenyewe zikiwa zinayoyoma. Marudiano huko Bari walipigwa 5-1 wakatolewa, lakini msimu huo walimaliza wa tano kwenye ligi na yeye akiwa kipenzi cha majukwaa. Mabao yake karibu yote ni ya msimu huo wa kwanza. Wa pili uliliwa na majeraha. Kwa hiyo anayegawa 11 kwa 36 anapata wastani wa mtu ambaye hakuwahi kuwepo: anamchanganya mzima na mgonjwa.

Na Surabaya nako hakwenda kupumzika. Niac Mitra walitwaa ubingwa wa ligi ya Galatama akiwemo. Juni 1983 Arsenal walipita huko kwa mechi ya kirafiki wakafungwa 2-0, bao moja likiwa la Fandi. Aliondoka Indonesia kwa sababu wachezaji wa kigeni walifungiwa mlango.

Sisi tuna neno la mchezaji wa aina yake, anayepangwa popote panapokosa mtu: kiraka. Ni sifa yenye kejeli ndani, maana kiraka hushonwa palipochanika. Fandi ni mtoto wa kipa wa timu ya taifa, Ahmad Wartam, na shuleni naye alianzia golini kabla ya kupelekwa kiungo, kisha akawa mshambuliaji. Utotoni aliuza nasi lemak ili kusaidia nyumbani. Mtu wa pwani angekitambua chakula hicho hata kwa harufu: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga na pilipili. Simulizi hiyo huletwa kama pambo la mtoto wa maskini aliyefanikiwa. Mimi naiona ikieleza kitu kingine, yaani kijana aliyezoea mapema kufanya kazi iliyopo badala ya kungoja aitakayo.

Tazama Kombe la Malaysia, shindano lililoanza 1921 na ambalo Singapore ilijitoa baada ya msimu wa 1994. Mwaka 1980, akiwa kijana mdogo kabisa kikosini, alifunga bao la ushindi wa 2-1 dhidi ya Selangor kwenye fainali. Akalitwaa na Kuala Lumpur mara tatu mfululizo, 1987, 1988 na 1989. Akalitwaa na Pahang 1992. Akalitwaa tena na Singapore 1994. Makombe sita, timu tatu. Chukulia tu umbali wa 1980 na 1994: mara ya kwanza ni dogo anayesubiri mpira umfikie, mara ya mwisho ni nahodha wa miaka 32 mwenye mabao 26 ya ligi msimu huo, timu ikibeba na ubingwa wa ligi. Majirani wa Malaysia walimnunua ili awafunge ndugu zake, na waliponunua walipata walichokilipia.

Hapo nyumbani walinung'unika, na wana haki. Mwaka 1992, Fandi akinyanyua kombe na Pahang, Singapore ilikuwa inashuka daraja katika ligi ya Malaysia. Ila fuatilia kilichotokea baada ya hapo. Mwaka 1993 alirudi kuichezea timu hiyo hiyo ikiwa daraja la pili. Walipanda, wakafika fainali ya kombe na kuchapwa na Kedah, na Desemba 1994 pale Shah Alam wakawafunga Pahang 4-0. Pahang, waajiri wake wa juzi. Katika mechi ile hakufunga hata bao moja, Abbas Saad akapiga matatu, na sijamsikia mtu akisema nahodha hakuwepo.

Upande wa pili utajibu kwamba Kombe la Malaysia si Kombe la Ulaya. Kweli. Lakini hiyo ni hukumu juu ya ramani ya soka, na Fandi hakuichora. Kama kuna deni lake ambalo mimi siwezi kumlipia, halipo Amsterdam. Kwa mechi 101 za taifa na mabao 55, hakuwahi kuvaa dhahabu ya SEA Games, michezo ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Fedha 1983, michezo ikiwa Singapore kwenyewe. Fedha 1985. Fedha tena 1989, Singapore ikilala 3-1 mbele ya Malaysia, jijini Kuala Lumpur, mji ambao mwaka huo huo alikuwa akiushindia kombe.