Nilimwoza Mweupe kwa Mwekundu, Mama Mkwe Akasikia

Kosa la kwanza lilikuwa mawese. Nilikula ugali kwa migebuka, nikanawa kwa maji matupu, nikaketi mezani kuunganisha bawa. Unyoya mweupe wa bata bukini ukapata alama ya kidole, rangi ya chungwa, palepale ulipotakiwa kushikana na mwekundu.

Nilikuwa natengeneza chambo cha manyoya kinachofungwa kwa uzi kwenye ndoano. Wazungu hukiita nzi, ingawa hiki changu hakifanani na nzi yeyote niliyewahi kumfukuza kwenye dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Jina lake Parmachene Belle. Kilibuniwa Marekani miaka ya 1870 kwa ajili ya samaki aitwaye trauti, wa jimbo la Maine. Bawa lake ni jeupe lenye mstari mwekundu katikati, na mstari huo haupakwi. Unakata nyuzi 4 nyeupe, 3 nyekundu, 4 nyeupe tena, halafu unazioza. Ndiyo, kuoza, kama binti. Nyuzi za unyoya zina vikulabu vidogo mno vinavyoumana kama zipu. Unalaza ukingo juu ya ukingo, ncha zikiwa sawa, unapapasa taratibu toka shinani hadi nchani kwa gumba na kidole cha shahada, vipande vitatu vinakuwa kimoja. Vikiingiwa na mafuta, vikulabu vinateleza, na hapo huna bawa, una ufagio.

Tena nyuzi za upande wa kushoto wa uti huozwa kwa za kushoto tu, za kulia kwa za kulia, maana kila upande una mpindo wake. Ukichanganya, zinageuziana mgongo.

Kufika saa tano usiku nilikuwa nimeharibu mabawa matatu. Nikampigia rafiki yangu wa Ujiji, fundi saa, ndiye aliyeniazima jiliwa yake ndogo ya kubania ndoano. Simu nikaiweka spika, mikono ilikuwa kazini.

“Ndoa imevunjika tena,” nikamwambia.

“Nani anasumbua?”

“Mweupe sina shida naye. Huyu mwekundu ndiye ananitesa. Nikimgusa tu, anaachia.”

“Ulimpika muda gani?”

“Dakika 20, maji yakitokota.”

“Umemuua, ndugu yangu!”

Alikuwa na haki. Nilitumia rangi ya unga, ile ya kutia kwenye ukili wa mikeka, na ukili unastahimili kuchemshwa. Unyoya hauwezi. Uoshwe kwanza kwa sabuni utoke mafuta, kisha ulale kwenye maji ya moto yasiyochemka, yenye rangi na siki kidogo. Ukiutokosa, nyuzi zinajikunja kama nywele zilizopitiwa na moto.

“Mfukize kwa mvuke wa birika,” akaendelea, “akilegea mrudishe kwa mweupe. Ila taratibu, asijue mtu ulimchemsha.”

Tukacheka sana. Ukuta wa pili ni wa mbao nyembamba, na nyuma yake alikuwa amelala mama mkwe, mgeni wetu kutoka Kasulu. Mke wangu, niseme tu, ni mweupe.

Asubuhi nilimkuta mama ameketi sebuleni, kitenge kimefungwa, mkoba magotini. Mke wangu hakunipa chai.

“Baba Neema, keti. Wajomba wawili wameshapanda gari. Huyo mwekundu ni binti wa nani?”

“Wa bata, mama.”

Haikusaidia. Ikabidi nilete jiliwa, nta ya nyuki, uzi wa hariri na birika, nioze upya mbele ya mashahidi. Mvuke ulimnyoosha mwekundu vizuri, ila vidole vyangu vilitetemeka, vipande vikaachana mara mbili. Mama, aliyesuka mikeka tangu usichana, akanisogeza pembeni. Akanawa kwa sabuni, akajifuta hadi kidole cha mwisho, akapapasa mara moja. Vikashika. Akavipuliza, havikuachana. Akatengeneza na bawa la pili, la kulia.

Kufunga nikafanya mimi. Mabawa mawili yanatazamana kwa ndani, unayabana juu ya ndoano kwa vidole vya kushoto, uzi unapita kati ya vidole ukiwa kitanzi kilicholegea, halafu unavuta kwenda chini wima, mizunguko 3 kabla ya kuachia. Mimi, huku mama mkwe ananihemea begani, nikavuta pembeni. Bawa likalala ubavu kama mlevi. Nikafungua, nikarudia, likasimama.

Mke wangu akaanza kucheka, akashika simu awarudishe wajomba. Mama akainua chambo dirishani, akakigeuzageuza.

“Kimependeza. Kinavua samaki gani?”

“Trauti, mama.”

“Yupo humu ziwani?”

“Hapana, mama.”

“Malagarasi?”

“Hapana. Marekani.”

Akakiweka mezani, akamtazama binti yake kwa muda.

“Hiyo simu weka chini,” akasema. “Waache waje.”