Machi 3: Kaburi la Nyeri na Maiti wa Hola

Machi 3, 1942, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme wa Italia katika makoloni yake ya Afrika Mashariki, alifia Nairobi akiwa mateka wa vita wa Waingereza. Machi 3, 1959, kwenye kambi ya Hola karibu na Mto Tana, watu 11 waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau walipigwa na walinzi wao hadi kufa. Kosa lao lilikuwa kugoma kufanya kazi ya kulazimishwa. Aliyewashika wote hao ni mmoja, serikali ya Uingereza. Duke amelala Nyeri ndani ya kanisa la kumbukumbu pamoja na wanajeshi wake zaidi ya 600, na majina yao yameandikwa ukutani. Wale 11 wa Hola, ni Wakenya wangapi wanaoweza kumtaja hata mmoja wao kwa jina?

Sina kinyongo na kaburi la Mwitaliano. Wapo wanaouliza kwa nini tulinde mifupa ya jeshi la Mussolini, lililoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuwamwagia watu wake gesi ya sumu. Swali hilo ni halali. Lakini mateka wale wameacha alama katika nchi hii. Walijenga barabara ya kuteremka Bonde la Ufa, na pale chini karibu na Mai Mahiu kipo kikanisa chao cha mwaka 1942, ambacho wasafiri bado husimama kukitazama. Anayekipita bila kujua ni mikono ya nani iliyopanga mawe yale amepunjwa.

Kinachonisumbua ni aina ya kumbukumbu inayodumu. Kisa cha mateka kinachosimuliwa kuliko vyote Kenya ni cha Mwitaliano Felice Benuzzi, aliyetoroka kambi ya Nanyuki mwaka 1943 na wenzake wawili wakaupanda Mlima Kenya, wawili kati yao wakasimika bendera yao kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia 7, kwa kuwa mkuu wa kambi alivutiwa na ushupavu wao. Ni kisa kizuri. Ila kikisimuliwa peke yake, kambi inageuka mahali pa vituko vya vijana mashujaa, na msikilizaji anasahau kuwa wengine walizikwa hukohuko.

Tofauti kati ya Nanyuki na Hola ilianzia kwenye jina. Mwitaliano aliitwa mateka wa vita, kwa hiyo alilindwa na Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu mateka wa vita, aliandikishwa, na familia yake iliweza kujua alipo. Oktoba 1952 Waingereza walitangaza Hali ya Hatari. Hawakusema ni vita. Aliyekamatwa kwa ajili ya Mau Mau akahesabiwa mhalifu, akawekwa kizuizini bila kesi. Baada ya Hola, taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba wale watu walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Uhuru ulipokaribia, mafaili mengine yalichomwa moto na mengine yakasafirishwa hadi Uingereza, yakafichwa kwenye jengo la serikali la Hanslope Park mpaka yalipofichuliwa mwaka 2011. Ndiyo maana nasema kusahau huku kulipangwa ofisini.

Wanaopinga kambi hizo kuhifadhiwa kama kumbukumbu nao wana hoja nzito. Kambi kadhaa za Nyeri ziligeuzwa shule, Mweru na Kangubiri zikiwamo. Ardhi ni finyu na watoto wanahitaji madarasa. Mzazi anayesema dawati lina faida kuliko jumba la makumbusho si mtu wa kubezwa. Hoja ya uchungu zaidi ni ya homgadi, Waafrika waliokuwa walinzi upande wa Waingereza. Wengi waliolinda kambi na vijiji vya kulazimishwa walikuwa ndugu na majirani wa waliofungwa, na leo wajukuu wa pande zote mbili wanasali kanisa moja na kuoana. Kenyatta alipohimiza watu wasamehe na kusahau, alijua ukifukua kaburi moja utakutana na shamba lililochukuliwa na mtu ambaye bado analilima. Mau Mau yenyewe ilibaki chama haramu kisheria hadi 2003.

Naiheshimu hofu hiyo, lakini sikubali itufunge mdomo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na mwaka 2015 mnara ulizinduliwa Uhuru Park kwa fedha zake. Hatukusikia wajukuu wa homgadi wakifukuzwa makwao kwa sababu hiyo. Wala shule haihitaji kuhama. Chumba kimoja cha zamani kiachwe kilivyo, majina yanayojulikana yaandikwe ukutani, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza atembezwe hapo wiki yake ya kwanza.

Makaburi ya Waitaliano yanatunzwa kwa sababu Italia inalipa. Ya kwetu yanamsubiri mlipaji ambaye hana budi kuwa sisi, serikali ya kaunti na ya taifa, na mashahidi wanapungua kila mwaka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 kambi zilipojaa mwaka 1955 sasa ni mzee wa miaka 90 na zaidi. Aanze kurekodiwa yeye kwanza, kabla ya jiwe lolote kuchongwa.