Moderata wa bure ana sauti gani mbele ya kampuni?

Waliokuwa wanatumia Reddit, mtandao wa majadiliano uliogawanyika kwenye makundi yanayosimamiwa na mamoderata wa kujitolea, Juni 2023 watakumbuka, kuanzia tarehe 12 makundi zaidi ya 8,000 yalifungwa na mamoderata wake wenyewe kwa kugoma, ukiingia huoni kitu. Kampuni ilikuwa imetangaza itaanza kuzitoza programu za nje zinazochota data zake, na Christian Selig, aliyetengeneza Apollo, programu ya simu ya kusomea Reddit, akapiga hesabu akaona bili yake itafika kama dola milioni 20 kwa mwaka. Bei kaambiwa mwisho wa Mei, inaanza Julai mosi, mwezi mmoja tu jamani! Akaamua kuifunga Apollo.

Sasa kuna wanaosema mamoderata walifanya fujo kwa ajili ya programu ya mtu mmoja, na hao nadhani hawajawahi kuiona hii kazi kwa karibu. Moderata anafungua simu usiku anakuta foleni ya posti zilizoripotiwa, hii matusi, hii akaunti feki inayouza fulana kwa picha iliyoibiwa, hii mtu anaandika kwamba amechoka kuishi na inabidi aelekezwe pa kupata msaada haraka kabla wahuni hawajaanza kumtukana, na yote hayo anafanya bila kulipwa hata senti. Wengi walitegemea programu za nje kwa sababu ile rasmi ya simu ilikuwa nyuma sana kwa vifaa vya moderata, na wasioona walikuwa wanahangaika nayo kweli. Kampuni baadaye ikaziachia bure baadhi ya programu za walemavu, sawa, lakini ni baada ya kelele.

Kwa upande wa pili, kampuni nayo ina hoja. Seva zinakula hela, na makampuni ya akili bandia yalikuwa yanachota mazungumzo ya watu kufundishia mitambo yao. Halafu bosi wake Steve Huffman aliwafananisha mamoderata na mabwanyenye wenye ardhi ya kurithi, maneno yaliyowaudhi wengi, ila kiini chake mi nakikubali: aliyefungua kundi wa kwanza ndo anabaki na funguo, anachagua wenzake, na wanachama wa kawaida hawana njia ya kumtoa. Kuna makundi yalipiga kura kabla ya kufunga na mengine hayakuuliza mtu. Mwanachama aliyekuwa anatafuta jibu la ugonjwa wake wiki ile hakuwa na ugomvi na yeyote.

Kuhusu hela, wapo wanaosema walipwe tu yaishe. Sio rahisi hivyo, AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilishtakiwa 1999 na watu wake wa kujitolea waliodai ni wafanyakazi, ikaishia kulipa dola milioni 15, kwa hiyo kampuni yoyote inaogopa kumkaribia moderata isije ikaonekana imemwajiri. Na wengi wala hawadai mshahara. Wanachotaka ni kuambiwa mapema na kusikilizwa, ndo maana Reddit ilipoingia soko la hisa Machi 2024 ikawapa baadhi yao nafasi ya kununua hisa kwa dola 34, wapo ambao haikuwagusa kabisa.

Mi naona kosa kubwa la kampuni ni hapa: Septemba 2024 ilibadili utaratibu, moderata hawezi tena kulifunga kundi lake la wazi bila kuomba ruhusa. Kumlinda mwanachama naelewa, ila silaha pekee waliyokuwa nayo imechukuliwa na hakuna kilichowekwa badala yake, hata kanuni ya kutoa taarifa miezi kadhaa kabla ya kubadili vifaa vyao.

Na kusikilizana inawezekana. Juni hiyohiyo mamoderata wa Stack Exchange, mtandao wa maswali na majibu, waligoma baada ya kampuni kuwazuia kufuta majibu mengi yaliyoandikwa na akili bandia, wakachagua wawakilishi, wakakaa mezani na kampuni, na Agosti makubaliano yakapatikana kwa maandishi.