Mjapani Aliyehamia Uani Kwangu

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba sikulazimishwa na mtu. Nilikwenda Ilala kwa miguu yangu mwenyewe, nikanunua kwa shilingi 60,000 mashine ndogo ya kufulia ya mtumba kutoka Japani, yenye matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, kwa sababu tu muuzaji aliniapia kwamba Mjapani hatengenezi kitu kibovu. Sikumuuliza kwa nini, kama si kibovu, Mjapani mwenyewe alikiacha.

Mashine imeandikwa maelezo mengi kwa Kijapani, na katika yote hayo kitu pekee nilichoweza kukisoma ni 100V. Nilikisoma baada ya kuchomeka. Plagi yenyewe ilikuwa imejaribu kunionya, maana ilikuwa na vyuma viwili bapa visivyoingia katika soketi zetu za matundu matatu, lakini mimi nilikwenda dukani nikanunua adapta, nikaubebesha umeme wa volti 230 mzigo wa kuingia katika chombo kilichozaliwa kwa volti 100. Kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, ililipuka kama fataki ya mkesha wa mwaka mpya, paka wa jirani akapanda mwembe, na mke wangu, aliyekuwa amekusanya mashuka ya wiki nzima, akayarudisha ndani bila kusema neno. Angesema, ningepata la kujibu.

Fundi aliyeahidi kuja kesho alifika siku ya nne. Alisema kwamba mota imepona kwa kuwa niliwahi kuchomoa waya, nami nikaipokea sifa hiyo, ingawa ukweli ni kwamba nilikimbia na waya ukaninasa mguuni. Kisha akaniandikia mahitaji: kapasita mpya, transfoma ya kushusha umeme, mkanda, pamoja na mpira wa kuzuia maji chini ya tangi la kukamulia, ambao ukichanika maji hushuka moja kwa moja kwenye mota. Nilipojumlisha, gharama ilikuwa imeipita bei ya mashine mara mbili, lakini mwanamume aliyekwisha kutangaza mtaani kwamba kwake watu hawafui tena kwa mikono anarudije nyuma?

Tulipofungua ile sahani ya chini inayozungusha nguo, tulikuta sabuni iliyoganda kama uji wa juzi, vifungo vinne, na sarafu ya yeni 5, ile ya rangi ya dhahabu yenye tundu katikati. Mama mkwe wangu aliichukua, akaisogeza machoni, akatangaza kwamba hiyo ni peni ya mkoloni, maana senti 10 za zama zile nazo zilikuwa na tundu, na yeye alikuwa akizitunga kwenye uzi anapotumwa dukani. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba hiyo ni fedha ya Japani. Akaniuliza nimeitambuaje Japani kwenye kisarafu ilhali sikuitambua kwenye volti.

Baada ya yote hayo tangi la kukamulia liliunguruma tu bila kuzunguka. Fundi aliituhumu kapasita mpya, akaituhumu transfoma, akafikia hata kuutuhumu upepo wa bahari, kumbe mfuniko ukifungwa huvuta waya unaoachia breki, na waya huo ulikuwa umeshikwa na kutu, hivyo breki ilikuwa imelikumbatia tangi muda wote. Tone la grisi lilimaliza kazi. Fundi alinitoza 15,000, nadhani kwa ajili ya kulifikiria hilo tone.

Sasa mashine inafanya kazi, na mimi pia. Kwa kuwa maji ya bomba hutoka usiku, mimi ndiye ninayeyakinga na kuyamimina kwa ndoo, mimi ndiye ninayezitoa nguo tangi la kwanza na kuzisuuza kwenye beseni, kisha kuzihamishia tangi la pili, kwani zenyewe hazivuki. Nguo zisipokaa sawasawa, mashine huanza safari ya kuelekea getini, nami huikalia mpaka itulie, huku watoto wa jirani wakinihesabia dakika. Shuka moja na mashati mawili, imeshiba. Zamani mke wangu alimaliza mashuka yote kabla ya saa nne asubuhi. Mimi adhuhuri hunikuta bado katika la pili.

Kilichobaki ni ile sarafu. Washa, yaani kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya skrubu inayoshikilia sahani, ilikuwa imepotea, na fundi, bila kuniuliza, akaweka yeni 5 mahali pake, ikakaa kana kwamba ilichongwa kwa kazi hiyo. Ikitolewa, sahani inalegea. Mama mkwe anaidai peni yake kila siku baada ya chai, na jana nilipoomba mke wangu anisaidie kumweleza, nilimkuta uani ameshika bisibisi.