Maiden Castle: Nani Aliwaua Waliozikwa Langoni?

Karibu na mji wa Dorchester, kusini mwa Uingereza, kuna kilima cha chaki ambacho watu wa Zama za Chuma walikizungushia matuta na mahandaki hadi kikawa ngome ya takriban hekta 19. Kinaitwa Maiden Castle. Binadamu walikuwa wakichimba mitaro juu yake tangu zaidi ya 3500 KK, lakini ubishi mkubwa unahusu mifupa iliyopatikana kwenye lango la mashariki.

Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler alichimba hapo kati ya 1934 na 1937. Alikuta mafuvu yenye majeraha ya upanga, na mtu mmoja aliyekwamiwa na ncha ya chuma katika uti wa mgongo. Akahitimisha kwamba mwaka 43 BK, au muda mfupi baadaye, jeshi la kamanda wa Kirumi Vespasian liliteketeza lango, likaua, na manusura wakazika wafu wao harakaharaka.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Mwanahistoria wa Kirumi Suetonius anaandika kwamba Vespasian aliteka ngome zaidi ya 20. Kwenye lango hilohilo kulikuwa na maelfu ya mawe ya kombeo, yaliyookotwa ufuoni Chesil, na watu hawarundiki mawe kiasi hicho bila kuhofia vita.

Hata hivyo, mimi naona upande wa pili una nguvu zaidi. Anayezika kwa hofu, adui akiwa mlangoni, hamwekei maiti chungu na nyama ya kondoo. Makaburi kadhaa yalikuwa navyo. Niall Sharples, aliyechimba tena 1985 na 1986, alionyesha kwamba mkaa wa langoni unaelezeka kwa kazi ya wahunzi. Kisha mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bournemouth walitoa umri mpya wa mifupa: watu hao walikufa kwa vizazi kadhaa, kuanzia mwishoni mwa karne ya 1 KK hadi mwanzoni mwa karne ya 1 BK. Hiyo si siku moja ya mauaji. Ni wenyeji waliouana wao kwa wao, na kuwasingizia Warumi kumetunyima historia yao halisi.

Warumi walifika Dorset, eneo ilipo Maiden Castle, hilo halina shaka: kwenye kilima cha Hod Hill walijenga kambi ndani ya ngome ya wenyeji. Lakini ushahidi wa Hod Hill hauwezi kuhamishiwa Maiden Castle, ambako sehemu kubwa ya ardhi bado haijachimbwa.