Daftari la shangazi na mashauri yanayoahirishwa

Shangazi yangu ni fundi cherehani Usa River. Mteja mmoja alichukua sare za kwaya, akalipa nusu, nusu ikabaki ahadi. Shangazi akafungua madai mahakama ya mwanzo. Kila akirudi, aliandika kwenye daftari lake la vipimo vya wateja: tarehe, nauli, sababu ya kuahirishwa.

Juzi nimelihesabu. Safari tisa. Mara nne samansi, yaani wito wa mahakama, haikumfikia mdaiwa, mara tatu hakimu alikuwa na udhuru, mara moja jalada halikuonekana. Siku moja tu shauri lilisikilizwa.

Sababu hizo za kuahirisha ndizo ninazotaka Mahakama ihesabu. Kompyuta zipo, mashauri yanasajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na Arusha tuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, mahakama za ngazi mbalimbali mahali pamoja, tangu 2021. Lakini tunachosikia zaidi kwenye Siku ya Sheria, sherehe ya Mahakama ya kila mwaka, ni mashauri mangapi yamefunguliwa na mangapi yameisha. Hilo "yameisha" linanitia shaka. Shauri lililofutwa kwa sababu mdai kakosa hiace ya asubuhi nalo limeisha. Ukimpima hakimu kwa idadi tu, usishangae mepesi yakikimbia na magumu yakilala kabatini.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, inataka haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi. Basi sababu zenyewe ziandikwe! Karani achague moja kila shauri linapoahirishwa, mfumo ujumlishe kwa kila mahakama. Kama tatizo ni samansi, ukiongeza hakimu umeongeza mtu wa kuahirisha tu. Dawa iko kwa anayezipeleka, ambaye pengine hana hata nauli ya kufika kitongojini. Kama ni udhuru, wadaawa watumiwe ujumbe wa simu jioni ya kuamkia siku hiyo, kabla hawajafunga duka. (Shangazi hufunga siku nzima, hata shauri likitajwa kwa dakika tano.) Na kwenye jinai, ile "upelelezi haujakamilika" ambayo kila mahabusu wa gereza la Kisongo anaijua, ihesabiwe upande wa upelelezi, siyo wa hakimu.

Shangazi ana tarehe nyingine wiki ijayo. Ameshaiandika daftarini pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Sehemu ya sababu ameiacha wazi.