Tunawahukumu mapema mno walioumia kichwa

Mtu akiumia kichwa, mapema kabisa hospitalini hupewa alama. Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, huangalia anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Alama ya chini ni 3, ya juu 15. Kwa usiku wa dharura, sioni cha kukilaumu. Ninacholalamikia ni alama ile kumfuata mgonjwa miaka na miaka, kana kwamba ilishamaliza habari zake zote.

Tuanze na wenye 13 hadi 15, ambao jeraha lao huitwa dogo. Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa, ikitoka safi, huambiwa wakapumzike, basi. Watafiti wa TRACK-TBI, mradi wa Marekani unaochunguza majeraha ya ubongo, waliwafuatilia watu wa kundi hili, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa miezi 12 baadaye asilimia 53 bado walikuwa na mambo yaliyowashinda katika maisha ya kila siku. (Hao walitibiwa katika hospitali kubwa za majeruhi, kwa hiyo aliyejigonga kwenye fremu ya mlango asiingiwe na hofu.) Wengi wa namna hii huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Anasoma ujumbe mmoja mara tatu na bado hajui umesema nini. Asubuhi haijaisha, kachoka kama aliyekesha. Watu wawili wakiongea kwa pamoja, anainuka na kutoka, na waliobaki wanasema siku hizi ana kiburi.

Upande wa pili wako mahututi, wenye alama 3 hadi 8, na hapa ndipo ninapokasirika. Mradi huohuo, mwaka 2021, uliripoti kuwa miongoni mwa waliokuwa hawajitambui kabisa wiki mbili baada ya kuumia na wakaendelea kuishi, asilimia 78 walikuwa wamerudiwa na fahamu ndani ya mwaka. Kurudiwa na fahamu si kupona, nakubali. Wengi wao walibaki na ulemavu. Lakini familia huweza kuulizwa kuhusu kuondoa mashine ya kupumulia siku chache tu baada ya ajali. Mashine ikiondolewa mgonjwa hufa, na kifo chake huingia kwenye takwimu za kuwaambia familia nyingine kwamba hali kama ile haina matumaini.

Mwaka 2025 wataalamu wa nchi mbalimbali walipendekeza alama ya Glasgow isisimame peke yake: iongezewe vipimo vya protini kwenye damu, picha za ubongo, na hali ya mtu mwenyewe kabla na baada ya kuumia. Naunga mkono, ila hilo bado linahusu siku za mwanzo. Marekani kuna mpango unaowafuatilia majeruhi tangu 1987, na umeonyesha kuwa miaka mitano baada ya matibabu ya kurekebisha viungo na akili, wapo waliosonga mbele na wapo waliorudi nyuma. Jeraha hili lifuatiliwe kama kisukari: mgonjwa awe na tarehe ya kurudi kliniki hata kama anasema yuko salama. Na anayeishi naye aingie chumbani pia, maana aliyepoteza kumbukumbu hawezi kumhesabia daktari mambo aliyoyasahau.